Vichimbakazi wa vuli: kushona wanasesere kwa majira ya Dar

Mvua ya kwanza ya vuli ikishanyesha, asubuhi yake baraza letu hapa Tabata huwa limejaa mabawa ya kumbikumbi. Usiku wamezunguka taa, wamedondosha mabawa, wamekwenda zao. Miaka yote nilikuwa nayafagia tu. Siku moja niliokota bawa moja nikalitazama kwenye mwanga: jembamba, rangi ya chai hafifu, lina mishipa mirefu. Kumbikumbi ana mabawa manne, na yote yanakaribiana urefu, tofauti kabisa na ya kipepeo. Siku hiyo nilipata kichimbakazi wangu wa kwanza, yaani mwanasesere wa kiumbe mdogo wa hadithi mwenye mabawa, ambaye naweza kusema ni wa hapa kwetu.

Kabla yake nilikuwa nanakili picha za kwenye intaneti: kofia za uyoga mwekundu, majani ya rangi ya chungwa, pamba iliyotawanywa kama theluji. Nilivishona kwa moyo wote. Mama mmoja alimshika mwanasesere mmoja, akamgeuza, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, huyu anaishi wapi?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo anayetaka kuanza kazi hii namwambia hivi: kabla ya kugusa sindano, angalia chini. Kila majira yanaangusha kitu. Mwezi wa kumi na moja na wa kumi na mbili mikrismasi inachanua njia nzima. Ukikausha petali zake zinakuwa kahawia na kuvunjika, kwa hiyo usizibandike, zitazame. Ua moja lina petali tano: nne nyekundu tupu, na ya tano ina madoa meupe na ya njano. Nikashona sketi ya vipande vitano, vinne vyekundu na kimoja cha madoa. Watu wa Dar wanaitambua kabla sijasema neno.

Embe zinapokuwa nyingi, nywele ni za bure. Chukua kokwa za embe za kienyeji, zile zenye nyuzi zinazonasa kwenye meno. Zioshe kwa sabuni mpaka utelezi uishe, zianike jua kali siku kadhaa, halafu chana nyuzi kwa mswaki wa zamani. Ukifanya haraka ukaacha nyama ya embe, sisimizi watakuja.

Wengi wanakata tamaa kwenye mikono na vidole. Hapo namkumbuka bibi mzaa mama, Mzaramo wa Kisarawe, aliyenisimulia habari za mwana hiti. Ni kisanamu cha mti kisicho na mikono wala miguu, kina kishungi cha nywele kilichogawanyika pande mbili, alichopewa mwali akiwa ndani. Mwali alikiosha, alikipaka mafuta, alikitunza kama mwana wake. Mwili mnyoofu tu, kichwa na kishungi, na bado kila aliyekiona alijua ni mtu. Siwashauri mshone mwana hiti mkauze, kwa sababu kina heshima yake na wenyewe wapo. Lakini anatufundisha kwamba umbo la gogo linatosha. Shona bomba la kitambaa la sentimita 25, lifunge uzi shingoni, na tayari una mwili.

Kitambaa cha mwili natumia marekani. Ndiyo, jina limetokana na nchi, maana karne ya 19 kilikuwa kikiletwa pwani hii kwa meli kutoka huko. Nakichemsha kwenye chai nzito ya rangi, naongeza muda kadiri ninavyotaka weusi, nakianika kivulini.

Cha kujaza ni sufi. Ni nyepesi, na haipendi maji. Zamani ilitiwa kwenye maboya ya kujiokolea baharini. Funga kitambaa puani unapoishika, na fanya kazi hiyo wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, hewa ikiwa kavu kidogo. Masika siwajazi kabisa. Sufi yenyewe haina shida, ila marekani inanyonya unyevu na baada ya wiki mbili unaona vidoa vyeusi vya kuvu. Aprili na Mei nadarizi nyuso na kukata nguo.

Ili asimame, weka uzito chini. Nilitumia mchanga wa pwani, na masika ilipofika chumvi ikavuta maji, sketi sita zikachorwa duara za chumvi ambazo hazikutoka. Siku hizi natumia mchanga wa kujengea, nauosha mara tatu na kuukausha kwenye sufuria. Mchele usithubutu, utafuga fukusi. Na mabawa yashone kwa uzi. Gundi ya moto inalegea kwenye joto la Januari. Duka moja lilinirudishia wanasesere wanne waliokaa kwenye kabati la kioo linalopigwa na jua, mabawa yote yakiwa chini.

Ukitumia kanga, acha mji, yaani sehemu ya katikati, maua yake ni makubwa mno kwa mwili mdogo. Kata kwenye pindo. Na jina la kanga usilikate katikati, watu watalisoma, na nusu ya methali inaweza kumtukana mtu bila wewe kukusudia.

Wapo watakaouliza kama hili ni jini. Usikasirike. Mimi huwaambia, "Huyu ni kichimbakazi wa hadithi, shangazi, mguse, ni sufi na uzi." Wakimgusa wanatulia. Wapo Waislamu wanaopenda mwanasesere asiye na sura, nami nawashonea uso mtupu kwa furaha. Akiwa wa mtoto chini ya miaka mitatu, hakuna shanga, vifungo wala waya. Macho ni ya kudarizi.

Sasa hivi kaskazi imeanza kuvuma na nimeanika kokwa arobaini juu ya bati. Mwanangu wa mwisho anazigeuza kila mchana akitoka shule, na ameshachagua moja. Anasema hiyo nywele zake zisichanwe.