Kabla hujanunua hisa za jirani wa mgodi

Minada ya korosho ikiisha na hela zikaingia benki, vijana wa Ruangwa, Nachingwea na Masasi huanza kutumiana ramani ileile: mgodi wa kinywe (grafiti) katikati, viboksi vya leseni kuuzunguka, kimoja, cha kampuni changa ya utafutaji inayouza hisa sokoni, kimepakwa rangi nyekundu. "Wamepakana na Lindi Jumbo, kaka, hisa senti mbili tu!" Jamani, wadogo zetu. Tuyapange tena.

1. Mipaka ya leseni huchorwa ofisini, mwamba haujui habari zake. Kinywe cha Lindi kimo kwenye tabaka za miamba geu, na kila tabaka lina mwelekeo na mwinamo wake. Leseni iliyo kilomita 20 mbele, kwenye mwelekeo uleule, yaweza kuwa na maana kuliko inayogusa uzio wa mgodi upande ambako tabaka halifiki. Kanada waliyaona haya baada ya nikeli ya Voisey's Bay kugunduliwa mwaka 1993. Kampuni tele zilikimbilia maeneo ya pembeni, hisa zikapaa. Mwaka 1996 kampuni kubwa ya nikeli, Inco, ikamnunua mwenye mashapo yenyewe, na majirani wengi wakabaki na ramani zao.

2. Ukiambiwa "asilimia 12 ya kaboni ya kinywe", uliza ukubwa wa magamba, yaani vipande bapa vya kinywe. Yanayozidi mikroni 300 (elfu moja ni milimita moja) yana bei yake, yaliyo chini ya 150 yana nyingine kabisa. Vipimo hivyo vitoke kwenye kore ya almasi (mche wa mwamba mzima uliokatwa kwa keekee yenye ncha ya almasi), kwa sababu mtambo wa RC, unaotoa mwamba kama vipande vidogo kwa hewa, huupondaponda na magamba yakavunjika. Uliza na pembe ya shimo la kuchoronga: likishuka karibu sambamba na tabaka, "mita 40 za kinywe" zaweza kuwa unene wa mita 10.

3. Fedha. Hapa ndipo wengi wanapoumia, na ndipo wasipotaka kusoma.

Kampuni changa haina inachouza isipokuwa hisa zake. Uchorongaji hulipwa kwa fedha za kuuza hisa mpya. Tuseme ina hisa milioni 400 kwa senti 2, yaani kampuni nzima ni dola milioni 8. Benki zimebaki dola 600,000, na kila robo mwaka inatumia 500,000. Kijana anasoma "uchorongaji kuanza karibuni", ananunua hisa 200,000 kwa dola 4,000. Nani atalipia huo uchorongaji? Hajiulizi. Wiki chache baadaye biashara ya hisa inasimamishwa siku mbili. Ikirudi, zimetolewa hisa mpya milioni 130 kwa senti 1.5, na kila hisa mbili zimepewa bure hati moja ya kununua hisa nyingine kwa senti 3 ndani ya miaka miwili. Waliozipata wanauza haraka kwa senti 1.7, wanatia faida mfukoni na kubaki na hati. Bei inatua 1.5. Dola 4,000 za kijana sasa ni 3,000, na fungu lake limepungua kwa robo, toka asilimia 0.05 hadi chini ya 0.038. Juu yake zinaning'inia hati milioni 65: siku bei ikivuka senti 3, zinageuka hisa na kuongeza msongamano.

Halafu utasikia, "soko lina hila." Hila gani, na yote yaliandikwa? Kampuni ya utafutaji iliyo kwenye Soko la Hisa la Australia hutoa kila robo mwaka fomu iitwayo Kiambatisho 5B. Nenda kifungu cha 8: kinasema fedha zilizopo zitatosha robo ngapi. Zikiwa chini ya mbili, kampuni lazima ieleze itapata wapi nyingine. Yetu ya mfano ina 1.2. Subiri hisa mpya zitolewe kwanza, picha za mtambo utaziangalia baadaye.

4. Leseni yenyewe ihakiki kwenye ramani ya mtandaoni ya Tume ya Madini: namba, mmiliki, tarehe. Aina ya leseni nayo si jambo dogo. Ntaka Hill, Nachingwea, nikeli ilikuwepo kweli, lakini leseni ilikuwa ya kuhodhi, yaani ya kushikilia eneo kabla ya kuchimba, na kanuni za mwaka 2018 zikafuta leseni zote za aina hiyo. Shauri likaenda kwenye usuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2024 Serikali ikakubali kulipa dola milioni 90. Wenye hisa walisubiri miaka yote hiyo. Kwenye makadirio ya faida, hakikisha pia wameondoa fungu la Serikali, yaani zile hisa zake katika mgodi zisizopungua asilimia 16.

5. Tangazo la Januari kwamba mtambo unaingia porini Ruangwa mwezi ujao lisome huku ukitazama mvua nje: mtambo mzito haupiti matopeni.

6. Angalia hisa ngapi huuzwa kwa siku. Ukiwa na 500,000 na soko linapitisha 60,000, hata wanunuzi wote wakiwa wako wewe, kutoka kutakuchukua zaidi ya siku nane za soko, na bei haitakusubiri.