Usikodi mabehewa ya mchanga kwa muda mrefu kuliko mkataba wa mzigo

Ndugu, usitie sahihi. Umeuliza kama ni busara kukodi mabehewa kwa miaka mitano ili kupeleka mchanga wa Wisconsin kwenye visima vya mafuta vya Texas, tena ukauliza kuhusu usalama wa mabehewa ya mafuta. Mkataba ndio unaonitisha.

Mimi na wenzangu tuliingia mkataba kama huo. Dalali alitueleza kwamba mchanga ule, unaosukumwa pamoja na maji ndani ya sheli, yaani mwamba wa tabaka ulioficha mafuta na gesi, ili nyufa zisijifunge, hauna mpinzani. Alichotuficha, na hilo sijamsamehe, ni kwamba wachimbaji wa bonde la Permian, eneo kubwa la mafuta la Texas magharibi, walikuwa tayari wanatafuta mchanga wa karibu. Kuanzia mwaka 2017 machimbo ya mchanga yakafunguliwa huko huko. Mchanga wake si imara kama ule wa Wisconsin, lakini lori huufikisha kisimani bila kugusa reli, na gharama ya usafirishaji ndiyo iliyokuwa ikimuumiza mnunuzi. Mzigo wetu ukakatika, mabehewa yakaegeshwa, huku kodi ya kila mwezi na ada ya maegesho zikiendelea kutudai. Wasafirishaji wa nafaka nao hawakuyataka, kwa kuwa behewa la mchanga lina ujazo mdogo, nao wanahitaji kubwa.

Usidhani mafuta yenyewe ni salama zaidi kibiashara. Mwaka 2008 reli kubwa za Marekani zilipakia mabehewa yapatayo 9,500 ya mafuta ghafi. Mwaka 2014 yalikaribia 500,000, mengi yakitoka eneo la mafuta la Bakken, jimbo la North Dakota, ambako mabomba hayakutosha. Kisha bei ya mafuta ikaporomoka, na mwezi Juni 2017 bomba la Dakota Access likaanza kazi na kuchukua sehemu kubwa ya mzigo huo. Gesi ya sheli nayo iliidhoofisha biashara ya makaa ya mawe, tegemeo la reli kwa miaka mingi; mwaka 2016 iliyapita makaa katika kuzalisha umeme wa Marekani.

Kwa hiyo mkataba wa behewa usizidi mkataba wa mzigo hata kwa mwezi mmoja, na mwenye mchanga akubali kwa maandishi kulipia kiwango fulani hata asiposafirisha. Akikataa, mwachie dalali mabehewa yake. Na kipengele cha kuyarudisha kabla ya muda kinasemaje? Kinakili hapa tukisome kwanza.