Fanksheni inayojiita yenyewe kwenye bash na variabo inayobadilika jina, cheki local kwanza

Mkuu umesema fanksheni yako ya bash (ile shelli ya kuandikia amri za Linux) inazama folda hadi folda fresh tu, ila ikishatoka kwenye folda ya ndani $f, ile variabo ya lupu, inakuwa imeshika jina la kitu kingine kabisa. Hiyo naijua, ilinitoa jasho.

Nilikuwa nahamisha picha za wateja wa studio moja, kama folda 40 hivi, baadhi zina vifolda ndani. Nikaandika hivi (mv ndo amri ya kuhamisha):

panga() {
  for f in "$1"/*; do
    if [ -d "$f" ]; then
      panga "$f"
      mv "$f" /mnt/zamani/
    fi
  done
}

Nikairan usiku nikalala zangu. Asubuhi folda zote zipo palepale, halafu kule /mnt/zamani kuna vipicha kumi na kitu tu. Nilivyochunguza nikakuta kila folda imepungua picha moja, ile ya mwisho kwa alfabeti, na zilizogongana majina mv imezifunika bila hata kuuliza.

Iko hivi, variabo ukiianzisha ndani ya fanksheni bila local (neno la kuifanya iwe ya mwito huo) inakuwa ya skripti nzima. Panga ya nje na panga ya ndani zinaandika kwenye $f moja, ya ndani ikimaliza lupu yake inaiacha $f kwenye faili la mwisho, ya nje ikirudi inajua bado ni ile folda yake kumbe wapi. Folda ikiwa tupu ndo kituko zaidi, $f inabaki na ile nyota kabisa, folda/*. Kinachozuga watu ni kwamba lupu yenyewe haikosei njia, maana orodha inapigwa mara moja mwanzoni, kwa hiyo unaona folda zote zimepitiwa unasema poa. Na $1 (ile folda unayoipa fanksheni ukiiita) haina hii shida, kila mwito una yake.

Dawa ni mstari mmoja, juu kabisa ndani ya fanksheni kabla ya for:

local f

Ila usidhani local ya bash ni kama variabo za ndani za lugha ya Python. Fanksheni nyingine ukiiita kutoka humo ndani inaiona hiyo f na inaweza kuibadilisha, labda nayo itangaze ya kwake. Mimi siku hizi kila variabo ya ndani naipiga local, hadi za lupu.

Kuna wanaokwepa kwa kuweka mabano ya duara badala ya yale ya mawimbi, panga() ( ... ), inafanya kazi sababu kila mwito unapata shelli yake ya pembeni yenye nakala ya variabo, lakini kama una kaunta ya jumla humo haitarudi, utapata sifuri tu utafute mchawi.

Weka echo (inaandika tu amri bila kuifanya) mbele ya mv kwanza uone inataka kuhamisha nini, usijifanye mjanja kama mimi. Zile zilizofunikwa niliziokoa kwenye kadi ya kamera, bahati jamaa alikuwa hajaifomati.