Nimeitwa, Mbona Nacheleweshwa? Majibu kwa Vijana Viongozi

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa vijana waliokabidhiwa uongozi kanisani au chuoni, na kwa wengine wanaoona wanacheleweshwa. Tumejibu nne.

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Nina miaka 24, ni katibu wa vijana usharikani kwetu. Tangu kidato cha nne najua Mungu ananiita kwenye uchungaji, na watumishi kadhaa wamenithibitishia. Lakini kila nikimgusia mchungaji habari za chuo cha Biblia, jibu ni "subiri kwanza". Huu ni mwaka wa pili. Wenzangu wawili wameshafungua huduma zao na wana watu. Nisubiri mpaka lini? — *Msomaji, Mbeya*

JIBU: Amina, ndugu yetu. Kuitwa ni jambo moja, kuwekwa kazini ni jingine, na kati ya hayo mawili mara nyingi kuna miaka. Daudi alipakwa mafuta mbele ya kaka zake (1 Samweli 16:13). Mfalme Sauli alipotuma watu kumtafuta baadaye, aliagiza aletwe "aliye pamoja na kondoo" (16:19). Daudi alianza kutawala akiwa na miaka 30, na hapo alipewa Yuda peke yake. Israeli yote ilikuja mkononi mwake baada ya miaka 7 na miezi 6 ya kukaa Hebroni (2 Samweli 5:4-5). Yusufu naye aliota akiwa na miaka 17, akasimama mbele ya Farao ana 30.

Wahubiri wengi hupenda kutaja miaka hiyo na kuishia hapo. Sisi tunakuomba usome 1 Samweli 17:20. Baba yake anamtuma Daudi apeleke bisi, mikate kumi na jibini kumi vitani. Anaamka alfajiri, na kabla hajaondoka anawaacha kondoo mikononi mwa mlinzi. Akifika, mizigo anamkabidhi mtunza mizigo ndipo anakimbilia jeshini (17:22). Huyu ameshapakwa mafuta ya ufalme, na bado kondoo wachache wa Bethlehemu hawaachi bila mtu. Sasa jiulize: tangu uanze kuwaza chuo, daftari la mihutasari ya vijana limeandikwa mpaka kikao kipi?

Pamoja na hayo, "subiri" isiyo na maelezo ni jibu pungufu hata likitoka kwa mchungaji. Una haki ya kuuliza, ila uliza kwa adabu. Usimvizie mlangoni anapowapa watu mikono baada ya ibada. Omba miadi, nusu saa inatosha, uende na maswali matatu: Ni jambo gani kwangu unaliona halijakomaa? Nifanye kazi gani, chini ya nani? Na lini tutakaa tena tuipime? Akijibu, andika mbele yake, umsomee ulichoandika.

Akikuachia uchague kazi, chagua ile isiyo na kipaza sauti. Darasa moja la watoto wa shule ya Jumapili, watoto walewale kila wiki, ni kipimo kikali kuliko mimbari, maana mtoto hakupigii makofi, na usipojiandaa anakuonyesha papo hapo kwa kuanza kucheza. Au fuatana na mzee wa kanisa kila Jumamosi kutembelea wagonjwa, wewe ukibeba Biblia na kusoma pale tu utakapoambiwa usome. Muda usipungue miezi 12. Miezi mitatu kila mtu anaimudu. Mwaka mzima una msiba, msimu wa kilimo, harambee na ugomvi wa kwaya kuhusu Krismasi, kwa hiyo wanaokupima watakuona ukiwa umechoka na ukiwa umeudhiwa. Ndiyo maana Paulo alisema juu ya mashemasi, "na wajaribiwe kwanza" (1 Timotheo 3:10), na juu ya askofu, asiwe aliyeongoka karibu, "asije akajivuna" (3:6). Mwaka ukiisha na jibu bado ni "subiri" bila sababu, mwambie mchungaji waziwazi kwamba ungependa suala lako lifike kwenye baraza la wazee. Ukitangulia kwenda kwa wazee kimyakimya, utakuwa umewapa sababu ya kukukatalia.

Kuhusu wenzako wenye watu tayari: soma habari za Sauli kule Gilgali (1 Samweli 13). Aliambiwa na nabii Samweli asubiri siku saba. Alisubiri hizo saba, Samweli hakutokea, naye akatoa sadaka mwenyewe. Alipomaliza tu, Samweli huyo akafika. Sauli alitoa sababu tatu: watu wanatawanyika, wewe hukuja, Wafilisti wamekusanyika Mikmashi. Zote tatu zilikuwa za kweli! Wapiganaji wake walikuwa 3,000, na siku ile alibakiwa na wapata 600. Papara haikosi sababu nzuri, nayo idadi ya watu ndiyo inayotangulia kutajwa. Hatusemi wenzako ni Sauli, hatuwajui. Ila waulize mambo mawili: nani ana mamlaka ya kuwakemea, na kama huduma zao zimesajiliwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Asiye na majibu hayo, usimwonee wivu.

SWALI: Shalom. Mimi ni mhazina wa kwaya ya vijana. Michango ya sare inaingia kwenye simu yangu. Mwezi wa tatu nilibanwa, nikatumia shilingi 80,000, nikarudisha baada ya wiki mbili. Hakuna aliyejua. Dhamiri inanisuta. Niseme au niache, maana fedha ipo kamili? — *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Sema. Kurudisha kumeziba pengo la fedha, ila kwaya bado haijui kwamba mfuko wake uligeuzwa mkopo bila wao kuulizwa. Mwendee mwenyekiti ukiwa na daftari na taarifa ya miamala ya simu. Taja kiasi, tarehe uliyochukua na tarehe uliyorudisha, kisha nyamaza. Usianze na maelezo ya shida zako, atakuuliza. Omba mtu mwingine akague hesabu za mwaka mzima, na uwe tayari kukaa pembeni mpaka amalize. Wakikuondoa, kabidhi vitabu vyote siku hiyohiyo.

Sasa mfumo wenyewe, kwa sababu hata malaika angekwama kwa utaratibu huo. Fedha ya kanisa kwenye laini ya mtu binafsi huchanganyika na ya nauli bila mtu kukusudia. Na kama una deni la Songesha, ule mkopo wa M-Pesa wa kukamilishia muamala salio lisipotosha, mchango wa mwanakwaya ukiingia unakatwa papo hapo kulipa deni lako. Umeshaila sadaka hata hujagusa simu. Fungueni akaunti ya kikundi benki, yenye watia saini watatu, na saini mbili kati ya hizo ndizo zitoe fedha. Michango ya taslimu ihesabiwe na wawili wasio ndugu, iandikiwe stakabadhi yenye nakala, ipelekwe benki siku ya kazi inayofuata ikiwa kamili. Hapa ndipo wengi huteleza: wanatoa kwanza ya maji na ya bodaboda, wanapeleka kilichobaki, na baada ya miezi miwili vitabu havipatani na benki. Fedha ya matumizi madogo, tuseme 50,000, itolewe benki kwa saini na ishikwe na mtu mwingine, si mhazina. Kila mwezi taarifa ya benki isomwe mbele ya kwaya, hata kama hakuna aliyedai.

Mtu akisema utaratibu huo ni kutoaminiana, mfungulie 2 Wakorintho 8:20-21. Paulo, mtume, hakukubali kubeba mchango peke yake.

SWALI: Mimi ni mwenyekiti wa umoja wa wanafunzi Wakristo chuoni. Nina hasira za haraka. Wiki iliyopita nilimfokea mwenzangu kwenye kundi la WhatsApp kwa kuchelewesha ufunguo wa ukumbi, na sasa hahudhurii. Nitajifunzaje subira? — *Dada msomaji, Eldoret*

JIBU: Dada yetu, anza na msamaha. Ulimkosea mbele ya kundi, basi mwombe msamaha mbele ya kundi hilohilo, sentensi mbili, bila neno "ila". Halafu mpigie simu au mwendee.

Kuanzia leo kosa la mtu lisijadiliwe kundini. Mathayo 18:15 inaanza na "wewe na yeye peke yenu", na ujumbe unaosomwa na watu 140 hauwezi kuwa peke yenu. Ukiwa na la kumwambia, liandike hivi: "Dada, Ijumaa ibada ilikuwa saa kumi na moja na ufunguo ulikuwa kwako. Ulifika saa kumi na mbili kasorobo. Kulikuwa na shida gani? Tupange nani ashike ufunguo wa pili." Hapo kuna kilichotokea, swali, na mpango. Maneno "kila siku wewe" na "huna mzigo na kazi ya Mungu" hayamo. Kilichoandikwa baada ya saa nne usiku kisitumwe mpaka asubuhi.

Tena angalia ratiba yako. Mwenyekiti mwenye mikesha miwili kwa mwezi, vikao vitatu kwa juma na kazi za darasa atafoka tu, awe na karama gani. Yethro alimwambia Musa wazi kwamba kazi ile ilimzidi, akamtaka aweke wakuu wa maelfu, mamia, hamsini na kumi (Kutoka 18). Ukumbi na vyombo mpe makamu wako kabisa, na ukishampa usirudi kumchungulia. Subira unayoiombea huenda nusu yake ni usingizi.

SWALI: Wazee wanatupuuza vijana. Je, si sahihi kuwakumbusha "mtu awaye yote asiudharau ujana wako"? — *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Andiko hilo, 1 Timotheo 4:12, linampa kazi Timotheo, si wazee: awe kielelezo katika usemi, mwenendo, upendo, imani na usafi. Aya chache mbele, barua hiyohiyo inamkataza kumkemea mzee. Amwonye kama baba (5:1). Kwa hiyo msilipeleke kikaoni kama fimbo. Pelekeni ombi moja lililoandikwa, lenye tarehe, gharama na jina la atakayewajibika, limfikie katibu wa baraza wiki moja kabla ya kikao. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi, rekebisheni, mrudishe kikao kinachofuata.