Madoa manne, fukusi wangapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nimechekecha gunia la mahindi ya mwaka jana nikapata wadudu wa namna tatu: weusi wenye madoa manne ya rangi ya chungwa, wengine wekundu-wekundu wenye madoa hafifu, na wengine hawana doa kabisa. Wote ni fukusi? Na dawa ni moja?
Msomaji, Mbozi

JIBU: Marahaba, mwanangu. Afadhali umechekecha kwanza. Wengi hukimbilia dukani.

Hao wenye madoa ni fukusi, na huenda ni aina moja tu. Fukusi akitoka ndani ya punje huwa na wekundu wa kahawia, kisha huzidi kuwa mweusi kadiri siku zinavyopita. Basi rangi ya mwili iache, tazama madoa, mawili kila upande wa mgongo. Fukusi wa mahindi kwa kawaida ni mkubwa kidogo, anang'aa, madoa yake yanaonekana wazi. Wa mchele ni mdogo na madoa yake yamefifia. Ila fukusi wa mchele aliyekulia kwenye punje ya mahindi naye hunenepa, ndiyo maana wataalamu wanaotaka uhakika humpasua dume na kutazama kiungo chake cha uzazi kwa hadubini. Wewe usijisumbue. Wote wawili hutaga ndani ya punje, na dawa yao ni ileile.

Wasiwasi wangu uko kwa hao wasio na doa. Yupo fukusi wa namna hiyo, asiyeruka, lakini makao yake ni nchi za baridi. Mweke mmoja wako juu ya karatasi nyeupe, mpige picha kwa simu, uikuze. Ana mkonga mbele? Kila fukusi anao. Kama hana, kichwa kimejificha chini, mwili ni wa mviringo kama kipande cha penseli, na gunia limejaa unga, huyo ni dumuzi, yule aliyeisumbua Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980 akitokea Amerika ya Kati. Wengine humwita Scania.

Hapo ndipo dawa inapobadilika. Soma lebo: pirimifosi-methili peke yake huua fukusi, lakini dumuzi huivumilia. Nunua iliyochanganywa na permethrini. Na mavuno yajayo upukuchue kabla ya kuhifadhi, kwa kuwa dumuzi hustawi zaidi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi.