Miaka ya mwanzo ya USS North Carolina

Ndugu, umeuliza kama manowari hii ya Marekani, USS North Carolina, iliwahi kupigana kweli, au ilikuwa ya maonyesho tu kama jina lake la utani, "Showboat", linavyodokeza. Ilipigana, na mapema sana. Ilikabidhiwa kwa jeshi la majini Aprili 1941 huko New York ikiwa na mizinga 9 ya inchi 16, lakini rafadha zake ziliitetemesha kiasi kwamba majaribio yalichukua miezi mingi.

Agosti 1942, katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilikuwa Guadalcanal, kisiwa cha Pasifiki, na tarehe 24 ilimimina risasi kuilinda Enterprise, meli ya Marekani ya kubeba ndege, dhidi ya ndege za Japani hadi wenzao wa Enterprise wakauliza kwa redio kama inaungua. Kisha Septemba 15 torpedo ya nyambizi ya Japani, I-19, ikatoboa ubavu wake. Mabaharia 5 walikufa. Wenzao walijaza maji vyumba vya upande wa pili ili meli isimame wima, na ikaendelea kukimbia na msafara. Kwangu mimi, dakika zile ndizo zinazoonyesha thamani ya mafunzo yao kuliko mzinga wowote.

Maisha ya ndani? Watu zaidi ya 2,000, vitanda vimepangwa juu kwa juu, na joto la Pasifiki chini ya sitaha za chuma. Aiskrimu ilikuwepo. Ila inaniuma kwamba meli ilipoanza kazi, mabaharia weusi walipangiwa jikoni na kuwahudumia maofisa mezani, basi.