RR mbili, cluster-id moja? Mkuu usithubutu

Mkuu hapo ulipoandika "RR zangu mbili nizipe cluster-id moja maana klasta ni moja" ndo nimeacha kula. (RR ni route reflector, rauta inayopokea ruti za BGP toka kwa rauta zingine, klayenti wake, na kuwagawia wenzao; cluster-id ni namba ya kundi la RR na klayenti wake.) Usifanye. Mi nilifanya na nililala chumba cha seva nimejifunika koti la mlinzi.

Tulikuwa na rauta 16, iBGP (BGP ya ndani ya mtandao mmoja, rauta zinapeana ruti, yaani njia) kila moja na kila moja hiyo ni seshi 120, ukiongeza rauta unagusa zote, tukasema basi, tuweke RR mbili. Akaletwa mshauri, tai, laptopu mbili, slaidi zinang'aa, akatwambia "cluster-id moja, ndo standadi". Na kweli tangu RFC 1966 (hati ya kanuni za intaneti) ya mwaka 1996 inaruhusiwa, ila mzee wa slaidi hakusema kinachofuata, kwamba RR ikipokea ruti ikakuta cluster-id yake imo kwenye cluster-list (orodha ya cluster-id ambazo ruti imeshapitia) inaitupa. Yaani RR1 ikimpa RR2 ruti ya klayenti, RR2 inatupa, na kinyume chake, wake wenza walionuniana ndani ya nyumba moja.

Miezi ikaenda freshi maana kila rauta ilitakiwa iwe na seshi kwa RR zote mbili. ILITAKIWA. Kumbe seshi ya rauta ya Arusha kwenda RR2 paswedi ya MD5 (ya kulinda seshi) ilikosewa tangu siku ya kwanza, na mimi fundi nilicheki nikaona imeandikwa Active nikafurahi 😂 wanaojua wacheke tu, asiyejua Active ya BGP maana yake bado inahangaika kuunganisha, haijaunganika. Sasa usiku wa matengenezo mwenzangu akagusa konfigi ya Mbeya, seshi yake na RR1 ikafa. Arusha imebaki na RR1 tu, Mbeya na RR2 tu. Wateja wa Arusha na wa Mbeya hawaonani kabisa, lakini rauta zingine zote zinawaona wote wawili, OSPF (inayobeba njia za kati ya rauta na rauta) nzima, ping rauta kwa rauta inapita, kila nikipima naambiwa mgonjwa mzima.

Kuanzia saa sita usiku nalaumu faiba, nikabadilisha mpaka SFP (kichomekeo cha faiba), nikamtukana jamaa wa faiba asiye na kosa (nilimnunulia soda baadaye). Mshauri nampigia ananiambia "ongeza RR ya tatu", kisha simu haipatikani, hela yake alishakula. Saa kumi na moja alfajiri ndo nikalinganisha, ruti ya Arusha kwenye RR1 ipo, RR2 haipo. Nikafuta mstari wa bgp cluster-id kwenye zote mbili, kila RR ikatumia router-id yake (namba ya utambulisho wa rauta), nikapiga clear (seshi zianze upya), Mbeya ikaamka.

Kwahiyo KILA RR NA CLUSTER-ID YAKE. Kwenye IOS ya Cisco usiiandike kabisa, Junos ya Juniper inakulazimisha kuandika cluster, basi weka router-id ya hiyo hiyo RR. Watakutisha na lupu, hamna lupu, originator-id (router-id ya aliyeleta ruti) na cluster-list zinazuia. Watasema inakula memori, ndio inakula, RR itabeba na nakala ya mwenzie, na nakala hiyo ndo ingeniokoa usiku ule.

Next-hop-self (rauta kujitaja yenyewe kuwa next-hop, yaani hatua inayofuata) weka rauta za mpakani, usitegemee RR, ruti inayorudishwa next-hop yake haitakiwi kuguswa. Uliuliza na boksi la kununua, sijui na nini kingine, ntarudi nikimaliza ugali.